Mama anamlilia paka wake, na hajui kwamba ni mimi niliyekubali adungwe sindano

SWALI

Mshauri, salaam.

Naomba jina langu lisitajwe. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Donholm na mume wangu na binti yetu wa miaka sita. Mama yangu ana miaka 67, ni mjane, na anaishi Majengo, Pumwani. Baba alifariki miaka 13 iliyopita. Baada ya arobaini, siku moja ya mvua, kitoto cha paka cheusi kiliingia uani kikitetemeka. Mama alikipangusa kwa leso, akakiotesha moto karibu na jiko, akakiita Chausiku. Tangu hapo hawakuachana. Chausiku ndiye aliyekuwa akimwamsha mama kabla ya adhana ya alfajiri kwa kumgusa shavuni. Jioni mama akikaa kibarazani kuchambua mchele, paka naye analala juu ya pindo la leso yake, na mama hainuki mpaka ainuke yeye.

Mwaka huu alianza kukonda. Alikunywa maji hata ya ndoo ya kufulia, akawa anatapika, na mdomo wake ukatoa harufu kali. Nilimtia kikapuni nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Damu ilipopimwa nikaambiwa figo zimekwisha. Aliwekwa dripu siku tatu. Siku ya tatu hakuweza kusimama na mdomo ulikuwa umejaa vidonda. Daktari akaniambia nichague: nimwache afe mwenyewe, pengine baada ya siku mbili au tatu, au adungwe sindano ya kumpumzisha. Nilimpigia mume wangu, hakushika simu. Mama sikumpigia. Nilitia sahihi, nikamshika Chausiku kichwa mpaka mwisho. Mwili niliwaachia kliniki, wakasema watashughulikia.

Mama nilimwambia kwamba Chausiku amekufa mwenyewe usiku, kwenye dripu, na kwamba amezikwa chini ya mti katika uwanja wa kliniki. Yote mawili ni uongo.

Sasa ni wiki tatu. Kila jioni mama anaweka kisahani cha omena za kuchemsha mlangoni, na asubuhi anazimwagia paka wa mtaani. Anasema usiku anasikia makucha yakikwaruza mlango. Anakula nusu chapati kwa siku, ilhali ana sukari na anameza dawa. Majirani wanamwambia kuna waliozika watoto wao bila kulia hivyo. Kaka yangu aliye Mombasa anapanga kuja na kitoto cha paka cheusi ili amshtue kwa furaha. Na binti yangu, niliyemwambia kwamba Chausiku amelala, sasa hataki kulala. Usiku anakuja kuniwekea mkono puani aone kama napumua.

Mama ameniomba nimpeleke Jumamosi ya wiki ijayo akaone kaburi. Mume wangu anasema niache mambo yalivyo, mtu akishalia amelia. Lakini kila nikimtazama mama nahisi nilimuua paka wake, na kwamba akijua hatanisamehe. Nimwambie? Na je, hayo makucha anayoyasikia ni dalili kwamba ameanza kuchanganyikiwa?

Mwenye Siri, Nairobi

JIBU

Dada yangu, pole kwa msiba wa Chausiku. Barua yako nzima inahusu kilio cha mama, cha mtoto, na lawama unazojibebesha, na hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba nawe umefiwa. Ulimjua paka huyo miaka 13, na mkono wa mwisho aliouhisi ulikuwa wako. Nitalirudia jambo hilo mbele, kwa sababu nadhani ndilo uliloliweka mbali kabisa na macho yako.

Kwanza lile lisiloweza kungoja Jumamosi. Chungulia leo majina ya dawa za sukari za mama. Akiwa anameza metformin peke yake, kula kidogo kwa kawaida hakuishushi sukari hadi kiwango cha hatari. Akiwa anadungwa insulini au anameza glibenclamide, nusu chapati kwa siku ni hatari: dawa inaendelea kufanya kazi na chakula hakipo. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, na kusema maneno yasiyofuatana. Zikitokea akiwa macho na anaweza kumeza, koroga vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji, anywe, usubiri dakika 15. Zisipopungua, rudia. Zikipungua, mpe chakula. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Usimpunguzie dozi kwa kukisia. Mpeleke kliniki yake wiki hii, useme wazi kwamba kwa wiki tatu hajala ipasavyo, ili wao ndio waamue.

Nimeanza na sukari pia kwa sababu umeuliza kama anachanganyikiwa. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakokuja na jasho ni mambo ya sukari mpaka ipimwe. Kusikia makucha mlangoni ni jambo lingine kabisa. Sikio lililoizoea sauti moja kwa miaka 13 linaendelea kuingoja, na waliofiwa wengi husikia hatua, kikohozi au mlio wa aliyeondoka kwa wiki, hata miezi. Angalia pia mama mwenyewe anavyofanya. Mtu anayeomba kupelekwa kaburini anajua vyema kwamba paka amekufa. Anayemwaga omena asubuhi anajua kwamba hakuna aliyekuja kuzila. Akianza kubisha kwamba Chausiku yu hai, akisahau njia ya nyumbani, au akichanganya watu na siku, hapo utakuwa na habari mpya ya kumpelekea daktari.

Kile kisahani kiache. Usikioshe kwa niaba yake, wala usikifiche ukidhani unamwondolea kumbukumbu. Siku atakayokiondoa, na akiondoe mwenyewe.

Majirani wanapima misiba kwa mizani, kana kwamba chozi la paka linaibiwa kwenye kilio cha mtu. Mwaka 1989 mtaalamu Mmarekani Kenneth Doka aliieleza huzuni ya namna hii: ile ambayo jamii haiipi nafasi, haina matanga, haina anayekuja na sukari na unga, na aliyefiwa anaona aibu kuitaja. Haiwi ndogo kwa kunyimwa nafasi. Inajificha tu, na hukaa zaidi. Na wakimletea dini, katika mafundisho hayohayo mna hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, na sahaba mkubwa aliyeitwa Abu Huraira kwa sababu ya paka wake. Huhitaji kubishana nao. Inatosha wakusikie ukisema mbele yao, "Mama, pole kwa Chausiku," kwa jina lake. Pole inayotaja jina hufanya kazi ambayo "pole kwa yote" haifanyi.

Halafu tazama saa za siku yake. Chausiku alikuwa na zamu mbili: kabla ya alfajiri na wakati wa kuchambua mchele. Hizo ndizo saa ambazo nyumba inamlemea. Swali la "nikusaidie nini, mama?" hujibiwa "hamna, mwanangu." Afadhali umpigie kila siku wakati wa alfajiri, hata kwa dakika mbili. Jioni mbili kwa wiki nenda na chakula kilichoiva, ukae kibarazani, ule naye sahani moja. Aliyefiwa hula kidogo akiwa peke yake, na mkono wa mwenzake siniani humvuta. Akitaka kusimulia kwa mara ya ishirini jinsi paka alivyoingia na mvua, mwache asimulie. Yako mambo matatu usiyaseme hata kwa nia njema: "angalau hakuwa mtu", "alikuwa mzee", na "tutakuletea mwingine".

Sasa tufike kwenye siri. Umeandika kwamba ulimuua. Hebu tuliangalie neno hilo pamoja na ugonjwa wenyewe. Figo za paka haziumwi kwa kelele. Kufikia wakati damu inaonyesha sumu imepanda, kwa kawaida takriban robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea, na sehemu hiyo hairudi. Kunywa maji mengi kulikuwa ni figo zilizoshindwa kuyashikilia. Harufu, kutapika na vidonda vya mdomo vilikuwa sumu ambayo haikuwa na pa kutokea. Dripu huisafisha kwa muda. Isipoleta nafuu baada ya siku kadhaa, huwa hakuna kilichobaki cha kuinuliwa. Sindano aliyodungwa kwa kawaida ni dawa ya usingizi wa upasuaji kwa kiasi kikubwa: fahamu huondoka ndani ya sekunde, moyo husimama baada ya dakika chache. Kama uliona macho yakibaki wazi, au pumzi moja ikivutwa baadaye, hiyo ni misuli, hakuwa akihisi. Nakueleza haya kwa sababu wengi hubaki na picha hiyo wakidhani ndiyo ushahidi wa mateso. Uchaguzi uliowekwa mbele yako ulikuwa kati ya vifo viwili. Uhai haukuwa mezani.

Lakini mama hajui hata kimoja kati ya haya. Na hapa ningependa uisikilize ile hadithi uliyompa kwa masikio yake. Katika hadithi hiyo, Chausiku alikufa usiku, ndani ya kizimba, bila mtu. Uliitunga ili imfariji, na huenda ndiyo picha anayolala nayo. Inawezekana anajiuliza kwa nini hakukaa naye, au kama yale maji ya ndoo ndiyo yaliyomdhuru, kwa sababu aliyefiwa akikuta pengo katika habari hulijaza kwa kujilaumu. Katika habari ya kweli kuna sindano, ndiyo, lakini pia kuna mkono wa mwanawe juu ya kichwa cha paka. Sisemi kwamba hilo linamaliza hoja. Nasema tu kwamba hukulitia kwenye mizani.

Ukinyamaza, kama anavyoshauri mume wako, utamwepusha mama na mshtuko katika wiki ambazo mwili wake ni dhaifu, na hilo si jambo dogo. Hatari yake ni kwamba siri hii haiko mikononi mwako peke yako. Iko karatasi yenye sahihi yako, uko uwanja wa kliniki usio na kaburi, wako wahudumu watakaoulizwa na mama ana kwa ana, na yuko mume anayejua. Akiujua ukweli huko, atakuwa amedanganywa na pia amefedheheka mbele ya wageni.

Ukimwambia yote, jiandae kwa hasira, au kwa kimya, ambacho ni kigumu zaidi. Umesema hatakusamehe, lakini hatakusamehe nini hasa? Yaelekea kitakachomchoma kuliko sindano ni kwamba hakuitwa. Miaka 13, na hakupewa nafasi ya kuaga. Kama ni hivyo, msamaha wa kuomba ni huo. Mkizama kwenye mjadala wa kama sindano ilikuwa sawa, jeraha lenyewe litabaki bila kuguswa. Na akiuliza kama ni dhambi, usijibu wewe wala majirani. Mwulizeni imamu anayemwamini, na mpeni habari kamili: umri wa paka, majibu ya damu, siku tatu za dripu, vidonda, na kwamba hakuweza kusimama. Swali likipelekwa nusu, jibu nalo huwa nusu.

Iko njia ya katikati, kumwambia kuhusu kaburi tu: "Mama, sikusema kweli kuhusu mazishi." Inaizuia ile safari, na inaonekana nyepesi. Ubaya wake ni kwamba ukweli unaotolewa kwa vipande humfanya msikilizaji ajiulize kimebaki nini, na huenda siku hiyohiyo ukaulizwa swali la pili kabla hujajiandaa kulijibu.

Vyovyote utakavyoamua, ipigie kliniki simu kabla ya Jumamosi hiyo. Uliza mwili ulipelekwa wapi, lini, na kama ulichomwa peke yake au pamoja na wengine. Kliniki nyingine huiweka miili kwenye friza hadi ifikie idadi fulani ndipo ipelekwe tanurini, kwa hiyo usidhani umeshachelewa mpaka uambiwe. Ikiwa ulichomwa pamoja na mingine, majivu yake hayatenganishiki, na asiwepo mtu wa kukukabidhi majivu yoyote ili kukuridhisha. Ikiwa bado upo, unaweza kuzikwa katika shamba la ndugu kwa ruhusa yake: shimo lenye kina cha mita 1 au zaidi, mbali na kisima, mwili uviringishwe kwa kitambaa na si mfuko wa plastiki, na mawe juu kabla ya udongo wa mwisho. Kina hicho kina sababu. Dawa ya ile sindano hubaki mwilini muda mrefu, na mbwa akifukua akala, au wale korongo marabou waliojaa Nairobi, anaweza kufa naye.

Kama mwili haupo, mama bado anaweza kuwa na mahali. Mche wa mrehani ndani ya mkebe wa mafuta, uwekwe pale kibarazani alipokuwa analala, unatosha, ikiwa mama atautaka. Muulize. Mche wa kushtukizwa nao ni mzigo.

Ndiyo maana pia ningemwomba kaka yako asije na kitoto cha paka kwa sasa, na hasa si cheusi. Nia yake ni njema, lakini mama atajikuta analazimika kufurahi mbele ya mgeni, halafu kumlea kiumbe anayefanana na marehemu bila kuwa yeye. Kitoto ni kazi: chanjo kuanzia wiki 6 hadi 8, kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki 16, ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kufungwa kizazi karibu na miezi mitano. Hukimbia chini ya miguu, na kwa mtu wa miaka 67 kujikwaa usiku kunaweza kuvunja nyonga. Tena paka anaweza kuishi miaka 15, kwa hiyo iko haja ya kukubaliana mapema nani atamchukua paka huyo, mama akishindwa kumtunza. Siku akitaka mwenyewe, paka mzima aliyetulia huenda akamfaa zaidi, na KSPCA, shirika la kutetea wanyama kule Karen, hutafutia wanyama wa namna hiyo makao. Chausiku hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, hivyo vyombo na tandiko lake vinahitaji kufuliwa tu. Kwa msomaji ambaye paka wake alikufa kwa panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoambukiza paka, mambo ni tofauti: virusi hivyo hukaa ndani ya nyumba hata mwaka, na havifi kwa sabuni. Safisha uchafu kwanza, kisha tumia sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 30 za maji, iache dakika 10, na paka mpya asiingie kabla ya kuchanjwa.

Binti yako amekuelewa sawasawa. Uliposema Chausiku amelala, alihitimisha kwamba anayelala anaweza asirudi, na sasa analinda pumzi zako. Mketishe mchana, umwambie: "Nilikosea. Chausiku hakulala. Amekufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi kwa sababu figo ziliharibika sana. Hapumui, haumwi, hasikii njaa wala baridi, na hatarudi. Wewe na mimi tukilala tunapumua, na asubuhi tunaamka." Atauliza tena kesho kwa maneno yaleyale. Mjibu vilevile. Atauliza kama nyanya naye atakufa. Mwambie kila mtu hufa siku moja, nyanya bado yupo, na yeye daima atakuwa na wa kumtunza. Taa ya usiku si kosa. Hofu hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa, mwalimu wake aambiwe, na simu ya Childline, huduma ya kusaidia watoto, 116, hailipiwi. Ila usimwambie habari ya sindano kabla mama hajaijua, maana mtoto wa miaka sita hawezi kutunza siri, na si haki kumpa.

Kwa mama, huzuni yenyewe haina tarehe ya mwisho. Lakini akianza kusema anatamani kumfuata marehemu, au ikapita siku 14 mfululizo bila hata saa moja ya nafuu, usingoje: mpeleke kwenye kituo cha afya, na Befrienders Kenya pia husikiliza watu waliofika hapo.

Ikiwa utachagua kuzungumza, tafuta wakati baada ya swala ya alasiri, ameshakula, mtoto hayupo na majirani hawapo. Simu zizimwe. Keti chini pamoja naye. Usianze na figo wala na daktari, kwa sababu maelezo yakitangulia huonekana kama utetezi. Waweza kuanza hivi: "Mama, Chausiku hakufa peke yake. Nilikuwa naye, nilimshika kichwa. Na kuna jambo nililokuficha, nikakosea." Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Yakikujia machozi, usiyafute haraka. Mama hajamwona mtu mwingine yeyote akimlilia Chausiku.

Mshauri